Lile koloni la manjano usiliite Micrococcus bado

Mpendwa Rehema,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika pamoja na picha za sahani za kuoteshea bakteria, na nimezitazama moja moja. Umeandika "Micrococcus luteus" chini ya koloni (kichungu cha bakteria kinachoonekana kwa macho) la manjano lililoota kwenye sahani ya hewa, na "Bacillus subtilis" chini ya lile jeupe lenye makunyanzi lililotoka kwenye udongo wa shamba. Futa yote mawili. Andika namba tu, H-03 na U-11, halafu tuendelee.

Manjano ni rangi ya bakteria wengi mno. Katika hewa ya chumba chenye watu, sehemu kubwa ya bakteria hutoka kwenye ngozi zetu, na humo mna Micrococcus, mna Staphylococcus na wengine. Zamani vijiduara vya Gram chanya (vinavyobaki zambarau katika rangi ya Gram) vilivyokaa vinne vinne au kwa vichala, vinavyotoa mapovu ukividondoshea haidrojeni peroksaidi, vilitupwa vingi ndani ya Micrococcus. Mwaka 1995 Stackebrandt na wenzake wakaipasua jenasi hiyo (kundi la spishi za karibu): zikatoka Kocuria, Dermacoccus, Kytococcus na Nesterenkonia. Yule wa rangi ya waridi aliyeitwa Micrococcus roseus sasa ni Kocuria rosea. Kwa hiyo ukisoma ripoti ya 1980 na nyingine ya mwaka huu, bakteria mmoja anaweza kuonekana kama wawili.

Sahani za hewa umezitega vizuri, isipokuwa feni. Kanuni rahisi ni sahani ya sentimita 9, urefu wa mita 1 kutoka sakafuni, mita 1 kutoka ukutani, wazi kwa saa 1. Feni ikizunguka, agari (jeli ya chakula cha bakteria) hukauka juu na seli zikitua zinashindwa kuota. Punguza iwe dakika 30, na uandike kwamba feni ilikuwa inazunguka. Weka pia sahani moja isiyofunguliwa kabisa. Ikiota kitu, tatizo liko jikoni kwako unakopikia agari, si hewani. Na usiandike "idadi kwa mita ya ujazo". Sahani iliyotegwa hupokea chembe zinazoanguka, nzito kuliko nyepesi, na kiasi cha hewa kilichopita juu yake hukijui. Andika idadi ya makoloni kwa sahani kwa saa, basi.

Kwenye udongo ndiko hesabu yako ilikopotea. Gramu 10 kwenye mililita 90 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85, tikisa dakika 20 hadi 30, kisha mililita 1 kwenye mililita 9, tena na tena, kila hatua ikizimua mara kumi, ukibadilisha ncha ya pipeti kila hatua. Ncha moja ikitumika kwenye mirija yote, seli zilizoganda ndani yake husafiri nawe, na mirija ya mwisho inatoa makoloni mengi kuliko yanavyopaswa. Nadhani ndicho kilichotokea, maana sahani zako za hatua ya 4 na ya 5 zinakaribiana, wakati ya 5 ingetakiwa kuwa na kama moja ya kumi.

Hesabu sahani zenye makoloni 30 hadi 300 tu. Chukua hiyo yenye 84, hatua ya 5, uliyopaka mililita 0.1. Hapo ni 84 mara 10, mara 100,000: milioni 84 kwa gramu ya udongo mbichi. Sasa pima gramu 10 nyingine, kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 usiku kucha. Zikibaki gramu 8, gawa kwa 0.8, unapata milioni 105 kwa gramu ya udongo mkavu. Bila hatua hiyo huwezi kulinganisha shamba lililonyeshewa jana na lililokauka wiki mbili.

Lile linalotambaa sahani nzima kama mizizi, ukadhani ni ukungu, huenda ni Bacillus mycoides au jamaa zake. Huwafunika wenzake wote, kwa hiyo kausha agari vizuri kabla ya kupaka na uhesabu mapema, saa 24. Streptomyces nao ni kinyume: hawana haraka. Wape siku 7 hadi 14 kwa nyuzi 28 kwenye agari ya wanga na kaseini. Koloni lao ni gumu, lina vumbi kama chaki, limeng'ang'ania ndani ya agari, na sahani ikifunguliwa inanuka udongo ulionyeshewa. Ndiyo harufu ile ile. Geosmini, kemikali wanayoitengeneza, ndiyo inayoitoa. Ukungu ukikusumbua, dawa ya sikloheksimidi, miligramu 50 kwa lita, itauzuia bila kuwagusa bakteria, ila ni sumu kwetu, vaa glavu.

Ukitaka wanaotengeneza spora (hali ya kulala inayostahimili joto) peke yao, chovya mrija kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10. Dakika hizo zianze kuhesabiwa udongo ulio ndani ya mrija ukishafika 80. Weka mrija wa pili wenye maji matupu na kipimajoto. Huo ndio utakaokuambia. Wengi huanza kuhesabu wakitazama maji ya nje, kisha wanashangaa kwa nini wasio na spora wamepona.

Safisha kila koloni kwa kulichora (kulipaka kwa mistari kwenye agari mpya) mara tatu, kila mara ukianza na koloni moja lililojitenga. Makoloni yenye ute hubeba wageni ndani, hayaonekani hadi mchoro wa pili. Kisha rangi ya Gram, kwa seli za saa 18 hadi 24 na si za siku nne. Bacillus aliyezeeka huachia zambarau akaonekana mwekundu, nawe ukamwandika Gram hasi, na kutoka hapo kila jaribio linalofuata linakupeleka njia isiyo yake.

Sasa majina. Jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo, ndiyo pa kuanzia: vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzisha kunakili) 27F na 1492R, soma pande zote mbili upate zaidi ya herufi 1,400. Ukilinganisha, usichukue jina la kwanza linalotokea kwenye hifadhidata, kwa kuwa majina mengi humo yameandikwa na waliotuma mfuatano wenyewe. Chuja ubaki na uzao wa kielelezo tu, yaani ule uzao mmoja ambao jina la spishi limefungwa kwake. Wa Bacillus subtilis ni DSM 10, ambao ndio huo huo ATCC 6051 (namba za hifadhi mbili za bakteria). Ufanano ukiwa chini ya asilimia 98.7, huenda umepata spishi mpya. Ukiwa juu, haijathibitika kwamba ni ile ile. Hapo ndipo watu huteleza.

Kundi la Bacillus cereus ni mfano mzuri. B. cereus, B. thuringiensis na B. anthracis wana 16S inayokaribia kuwa moja. Kinachomfanya anthracis awe wa kimeta ni plasmidi (vipande vya DNA vya ziada) mbili, pXO1 na pXO2, na kinachomfanya thuringiensis aue wadudu ni fuwele za protini ambazo jeni zake kwa kawaida hukaa kwenye plasmidi pia. Kwa kipimo cha jenomu (DNA yote ya bakteria) pengine wangeunganishwa, lakini daktari na mkulima wanahitaji majina tofauti, na mimi naona wana haki. Kwa hiyo U-11 ikitoa 99.8 kwa B. subtilis, andika "Bacillus sp., kundi la subtilis", kisha uongeze jeni ya gyrB, inayotofautisha spishi za karibu vizuri zaidi, au usome jenomu nzima. Mpaka wa spishi kwa wastani wa ufanano wa jenomu ni asilimia 95 hadi 96.

Ikiwa kweli ni mpya, kuna sheria zake. Majina ya bakteria yalianza upya tarehe 1 Januari 1980; jina la zamani ambalo halikuingia kwenye orodha za siku hiyo lilipoteza hadhi. Leo uzao wa kielelezo lazima uwekwe kwenye hifadhi mbili, nchi mbili tofauti, na upatikane bila masharti. Vibali vya kutoa sampuli nchini viombwe kabla ya kuchota udongo, maana hifadhi itauliza karatasi, na kibali cha baada ya tukio ni kazi ngumu.

Kilatini nacho kina ngeli zake, nawe mzaliwa wa ngeli hutashindwa. Bacillus ni jinsia ya kiume, Pseudomonas ya kike, Rhizobium haina jinsia. Jina la mahali litakuwa -ensis kwa mbili za kwanza na -ense kwa ya tatu. Kivumishi cha kawaida hugeuka zaidi: Bogoriella caseilytica wa Ziwa Bogoria, aliyeelezwa 1997, ana -a mwishoni kwa sababu Bogoriella ni ya kike. Kujipa jina lako mwenyewe haifai, ingawa rafiki anaweza kukuzawadia.

Na usishtuke jenasi zikihama. Bacillus megaterium tangu 2020 huitwa Priestia megaterium, na faila (kundi kubwa lenye jenasi nyingi) tuliyoizoea kama Firmicutes tangu 2021 ni Bacillota. Angalia LPSN, orodha ya mtandaoni ya majina ya bakteria, siku unayokabidhi ripoti, si siku unayoianza.

H-03 ichore tena leo, maana kwenye picha ya tatu naona kivuli cha rangi ya krimu pembeni mwa koloni. Hao ni wawili. U-11 igandishe kwenye gliserini ya asilimia 20 kabla hujafanya lolote jingine, mirija miwili, friji mbili tofauti kama zipo.

Wako,
Salum