Njoo Kesho: Barua kwa Vijana Mlioshika Mhuri

Wajukuu zangu,

Assalaam alaykum, na wale wasiosalimiana hivyo, hamjambo.

Nimesikia mmemaliza mafunzo na mnapangiwa vituo: wengine mipakani, wengine viwanja vya ndege, wawili watatu balozini. Mimi kazi hiyo ya dirishani niliiacha zamani, enzi za mhuri wa mti na kidau cha wino, tulipokuwa tukirudi majumbani na vidole vya zambarau. Siwaandikii kuwafundisha sheria, kwani mnazijua kunishinda. Nataka kuwasimulia habari za mtu aliyefanya kazi kama yenu hapa hapa Unguja, kisha akenda kuifanya kwengine mpaka ikamvunja.

Jina lake Aristides de Sousa Mendes. Mreno, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Coimbra, mzaliwa wa 1885 wa kijiji cha Cabanas de Viriato. Katika miaka ya 1910 aliletwa Zanzibar kuwa konseli wa Ureno. Msishangae Ureno kuwa na konseli hapa. Wagoa wa Mji Mkongwe, makarani wale, washoni, wapishi, wapiga muziki, wengi wao walikuwa raia wa Ureno kwa sababu Goa ilikuwa koloni lake. Akizaliwa mtoto, akifa mtu, akitaka mtu kusafiri, karatasi zilipita kwa konseli. Baadhi ya watoto wake mwenyewe wamezaliwa hapa. Kwa mkewe Angelina alijaaliwa 14. Kwa hiyo msimfikirie kama wale mabalozi wa kwenye picha, wenye glasi mkononi. Kazi yake ilikuwa foleni, jalada na saini.

Baada ya Unguja alizungushwa Brazil, Marekani, Hispania, akakaa Ubelgiji karibu miaka kumi, na 1938 akapelekwa Bordeaux, mji wa bandari kusini-magharibi mwa Ufaransa. Vita vikaanza Septemba 1939. Tarehe 11 Novemba mwaka huo Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ikatoa Waraka Namba 14. Mkubwa wa serikali alikuwa António de Oliveira Salazar, na Wizara ya Mambo ya Nje aliishika yeye mwenyewe, kwa hiyo waraka ulikuwa wake.

Hapa nisomeni polepole. Waraka ule haukusema "wakatalieni Wayahudi." Ulisema konseli asiwape viza watu wa namna fulani (wasio na uraia, wenye uraia wa kutiliwa shaka, Warusi, Wayahudi waliofukuzwa makwao) bila ya kuuliza wizarani kwanza. Kuuliza tu! Karani gani mwenye adabu zake atakataa kuuliza? Waraka kama huo ungenijia mimi ningeuweka kwenye jalada na kunywa chai yangu.

Sasa tazameni ulivyofanya kazi. Juni 1940 Wajerumani waliingia Paris, tarehe 14. Serikali ya Ufaransa yenyewe ikakimbilia Bordeaux, na nyuma yake watu wasiohesabika, kwa magari, baiskeli, mikokoteni, miguu. Ili utoke ilikubidi upite Hispania, na Hispania haikukupa ruhusa ya kupita mpaka uoneshe viza ya Ureno. Mhuri wa Mreno ndio uliokuwa ufunguo wa mlango wa kwanza; milango mingine yote ilikuwa nyuma yake. Konseli akiuliza Lisbon, jibu lilichukua siku, au wiki, au lilikuja "hapana", au halikuja kabisa. Na jeshi la Hitler lilikuwa njiani. Tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Bordeaux mwezi ule ngoja ngoja ilikuwa inaua, na aliyeisema hakuwa amevunja sheria hata moja.

Neno hilo mimi nalijua. "Njoo kesho." Nimelisema mara ngapi sijui. Lakini moja nalikumbuka. Ijumaa mchana, mvua ya masika, mwanamke na mtoto mgongoni. Karatasi yake ilikuwa imerowa na imepungua saini moja, na ofisi ya kuitia saini hiyo imeshafungwa. Nikamwambia, "Mama, njoo Jumatatu." Nilimwambia kwa upole kabisa. Jumatatu hakuja. Wala Jumanne. Pengine alipata njia nyengine, pengine hapakuwa na lolote. Imepita zaidi ya miaka thelathini, na hakuna mkubwa aliyeniuliza, wala sikupata onyo, kwa kuwa mtu asiyerudi hafunguliwi jalada.

Basi turudi Bordeaux. Wakimbizi walilala viwanjani, kando ya sinagogi, kwenye ngazi za nyumba iliyokuwa ofisi ya konseli na makazi yake pamoja, ukingoni mwa mto Garonne. Huko Sousa Mendes alikutana na rabi mmoja, yaani kiongozi wa dini wa Kiyahudi, Chaim Kruger, mzaliwa wa Poland aliyekimbia kutoka Ubelgiji pamoja na mke na watoto watano. Akawachukua kwake. Akaona awafanyie wema: akajitolea kuwapatia viza familia ile. Kruger akakataa. Akasema hawezi kujiokoa yeye na watu wake akawaacha wenziwe nje barabarani. Ama wote, ama basi.

Konseli akapanda kitandani, akakaa humo siku kadhaa, hali mbaya, kama mtu mwenye homa. Watu wanaomsimulia huzipita siku hizo upesi ili wafike kwenye ushujaa. Mimi hapo ndipo ninapokaa. Alikuwa na miaka 54, watoto tele, madeni, na faili lake lilikuwa tayari na doa: wiki chache tu baada ya ule waraka alimpa viza profesa mmoja wa Kiyahudi kutoka Austria, Arnold Wiznitzer, bila ya kusubiri ruhusa, akaandikiwa karipio. Alijua vyema atakachokipoteza. Mtu asiyejua bei hawezi kuitwa jasiri, huyo kapita tu njia.

Alipoinuka, inasimuliwa tarehe 17 Juni, alitangaza kwamba atampa viza kila anayeitaka, asiulize taifa wala dini. Na hapa, wajukuu zangu, karani yeyote atafurahi, maana kilichofuata ni kazi ya ofisi. Kruger alikwenda nje akirudi na mafurushi ya pasipoti. Watoto wa konseli wakasaidia. Katibu wake, José Seabra, akapiga mihuri. Yeye akatia saini. Mwanzoni jina refu, baadaye "Mendes" peke yake, kwa kuwa mkono ulichoka na foleni haikuchoka. Ada wakaacha kutoza, na rejista ikaachwa kuandikwa. Mkuu wa masijala wangu wa zamani angezimia! Kisha akenda Bayonne, kwenye ofisi ndogo ya konseli karibu na mpaka, akafanya vivyo hivyo mbele ya macho ya waliokuwa wakifuata waraka. Kisha Hendaye, mpakani kabisa, ambako alitia saini njiani.

Lisbon ikamwita arudi, telegramu ya tarehe 24 Juni. Balozi wa Ureno nchini Hispania, Pedro Teotónio Pereira, alifika mpakani mwenyewe na kutangaza kuwa mtu yule hana akili timamu na viza zake hazina nguvu. Mpaka ukafungwa mbele ya waliochelewa. Lakini maelfu walikuwa wameshavuka, na waliofika Ureno hawakurudishwa, hilo nalo lisemwe. Idadi inayotajwa sana ni viza 30,000, na Wayahudi 10,000 ndani yake. Wapo wanahistoria wanaosema ni pungufu ya hapo. Ndiyo kazi ya kuacha kuandika rejista. Mimi hesabu hiyo hainisumbui sana. Wayahudi milioni 6 waliuawa Ulaya katika vita vile, na kila aliyepigiwa mhuri Bordeaux akavuka alitolewa kwenye hesabu hiyo kabla hajaingizwa.

Najua mmoja wenu ataguna: babu, kwa nini Wayahudi, na siku hizi? Nitakujibu kwa ufupi. Waliosimama chini ya ngazi ile Juni 1940 walikuwa watu wasio na nchi, wasio na jeshi, wasio na bendera, wenye mabegi. Ukiingiza ndani ya foleni ile hasira zako za taarifa ya habari ya jana usiku, na wewe umeshakuwa Waraka Namba 14.

Alipofika nyumbani akafunguliwa mashitaka ya kinidhamu. Mlio kazini mtaitambua harufu yake. Ubalozi wa Uingereza mjini Lisbon uliwahi kulalamika kwamba alikuwa akichelewesha viza makusudi mpaka baada ya saa za kazi ili atoze zaidi. Mtu aliyekuwa hana saa za kazi! Yeye katika utetezi wake hakuficha: alisema lengo lake lilikuwa kuwaokoa watu wale. Baraza la nidhamu lilipendekeza ashushwe cheo. Salazar akaona haitoshi: mwaka mmoja nje ya kazi kwa nusu mshahara, kisha astaafishwe. Kwa lugha yetu ya barua za serikali, kustaafishwa kwa manufaa ya umma.

Baada ya vita aliandika tena kudai haki yake, na hoja yake naipenda kama mtu wa karatasi: alisema waraka ule ndio uliovunja katiba ya Ureno, maana katiba ilikataza mtu kubaguliwa kwa dini yake. Hakujibiwa kwa maana yoyote. Serikali ile ile haikuona haya kujisifu mbele ya ulimwengu kuwa imewapokea wakimbizi. Yeye alipata kiharusi 1945. Angelina akafa 1948. Watoto wakatawanyika, wengine Marekani na Kanada, wengine Afrika. Alikula kwenye jiko la jumuiya ya Wayahudi la kuwalisha wakimbizi mjini Lisbon, na inasimuliwa kwamba alipooneshwa upande wa Wareno alijibu kuwa na yeye na wanawe ni wakimbizi. Alifariki tarehe 3 Aprili 1954 katika hospitali ya Wafransisko. Jumba lake la kijijini likaenda kwa madeni, likabomoka paa.

Yad Vashem, taasisi ya Jerusalem ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, ilimtambua 1966 kuwa mmoja wa waliowaokoa. Bunge la Ureno lilimsafisha 1988 na kumpa cheo cha balozi, miaka 34 baada ya kifo chake. Mwaka 2021 akawekewa kumbukumbu katika Panteoni ya Taifa, jengo la Lisbon la kuwaenzi watu wakubwa wa Ureno. Haya nayataja ili msidanganyike: wala msifikirie mkifanya kama yeye kuna mtu atakuja na nishani. Yeye hakuiona hata moja.

Na wala hakuwa malaika. Mwezi ule wa Juni mwanamke wa Kifaransa asiyekuwa mkewe alikuwa na mimba yake, na Bordeaux yote ikijua. Alikuwa mtu wa kutumia asichokuwa nacho. Wanaomtukuza huficha hayo, wanaomchukia huanza nayo. Mimi yananipa moyo, kwa sababu ningemngoja mtu safi ndiye afungue lile dirisha, foleni ingekuwa pale mpaka leo.

Sasa mtaniuliza: babu, unatuambia tuvunje sheria? Nitachukia sana nikisikia mtu kapiga mhuri wa bandia akanitaja mimi. Wapo wanaovunja taratibu kila siku dirishani, kwa chai ya elfu kumi, na hao hawana udugu na Sousa Mendes. Yeye aliivunja sheria akaacha kutoza hata ada iliyo halali. Nakuombeni jambo dogo kuliko hilo, na kwa mtazamo wangu gumu kuliko hilo. Ukiambiwa "uliza kwanza juu," nawe uliza: jibu litachukua muda gani, na huyu aliyesimama mbele yangu atakuwa wapi muda huo? Andika suali lako kwa karatasi, na saa yake. Mpigie mkubwa wako usiku, mchukie akuchukie. Mara nyingi utakuta kesho ni kesho tu, na mtu atalala vizuri kwa ndugu zake akarudi. Siku moja katika miaka yako thelathini ya kazi utakuta si hivyo. Siku hiyo mimi sitakuwepo kukushauri, wala sijui utafanya nini. Mimi mwenyewe nilisema Jumatatu.

Nina haja moja nakutumeni, hasa mliobaki Unguja. Nimetembea Shangani na mitaa ya nyuma yake nikiuliza nyumba ya konseli wa Kireno wa zama zile ilikuwa ipi, kila mtu ananionesha nyengine. Kule kwenye Nyaraka, Kilimani, huenda pana karatasi za ofisi za konseli za zama zile. Macho yangu hayamudu tena mwandiko wa kalamu. Nendeni mkaniombee majalada ya miaka ya 1910 mtazame kama saini yake imo, ile ndefu, ya kabla ya Bordeaux, mnitolee kopi. Wakikwambieni njoo kesho, nendeni kesho. Mimi nipo, barazani, baada ya Alasiri.

Babu yenu,
karani mstaafu, Unguja