Ufunguzi wa ami wanifungisha mashindanoni

Assalaam aleikum mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 19, mkaazi wa Langoni, Lamu. Sataranji nimefunzwa na ami barazani kwake, na hadi leo twacheza kila baada ya alasiri, wenzake wakigombania bao pembeni. Akishika nyeupe, ami ana ufunguzi mmoja tu: askari e4 (herufi na nambari hutaja mraba wa ubao), akijibiwa e5 basi f4, askari anatupwa chambo. Ndiyo Gambiti ya Mfalme. Hachoki kusimulia bingwa wa zamani Anderssen alivyotoa ngome zote mbili, ndovu (wengine huita askofu) na malkia, kisha akamfunga Kieseritzky, London, 1851. Nimeisikia mara nyingi, na bado ikifika pale pa malkia nasisimka.

Barazani nashinda nayo. Lakini mwezi uliopita nilivuka Mokowe nikapanda basi hadi Malindi, mashindano ya raundi tano. Nyeusi nilishika mara mbili, nikashinda zote. Nyeupe mara tatu, nikapata sare moja, basi.

Inayoniuma ni ya mwisho. Msichana wa shule alikula askari wangu wa f4. Nikatoa farasi f3, naye akasogeza d6, kimya, wala hakuniangalia. Ikaenda d4, g5, h4, g4. Farasi wangu amezoea kurukia e5, kumbe yule askari wa d6 anailinda. Akarudi g1 alikotoka! Wajuzi husema nyeupe bado ameshika katikati ya ubao. Mimi sikujua niifanyie nini hiyo katikati, na saa inakimbia. Baadaye nikasoma kwamba d6 hiyo aliipigia debe Mmarekani Bobby Fischer mwaka 1961, baada ya Mrusi Spassky kumfunga kwa gambiti hii hii Mar del Plata mwaka 1960. Jibu lina umri kumshinda baba yangu, nami nalisikia leo.

Nataka kuhamia ufunguzi mwingine, Ruy Lopez: baada ya e4 na e5, farasi f3, kisha ndovu b5. Nilipomdokezea ami alisema huo ni mchezo wa waoga, akakusanya kete mchezo haujaisha. Siku ya tatu leo hajaniita.

Je, nicheze gambiti barazani na Ruy Lopez mashindanoni, bila kumwambia? Naona kama kumdanganya mzee. Au nikitanguliza ndovu c4 kabla ya farasi, kama Anderssen, nitaikwepa d6 ile? Nijibu mapema tafadhali. Mashindano mengine yamekaribia, na nauli hunilipia ami.

Msomaji wako, Lamu