Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa maji: mjukuu wangu hana kilo 60

Mheshimiwa, asalaam aleikum. Naandika kwa heshima zote ila heshima nayo ina mwisho, yangu iliisha Jumatatu usiku mjukuu wangu wa miezi miwili alipogeuka midomo na kucha zikawa buluu kama wino, tukapita naye mbio vichochoro vyote vya Langoni mpaka hospitali, na swali la kwanza la daktari, maziwa yake ya unga mnakoroga na maji gani?

Ya kisima. Kisima chenyewe ni hatua 12 kutoka shimo la choo la jirani, nimezipiga kwa miguu yangu. Ndicho kile watu wako walikuja wakachota chupa moja mwezi wa Shaaban wakasema majibu wiki mbili. Tumefunga, tumekula Idd, majibu bado, labda yanakuja kwa jahazi yanangoja kusi.

Nilipofuatilia nikaambiwa "chemsheni tu, mbona watu wazima wanakunywa miaka yote?" Sasa mimi si daktari lakini nadhani ni naitreti ya hivyo vyoo, ile kemikali ya kinyesi inayopenya ardhini mpaka kisimani, na naitreti si mdudu afe kwa moto, maji yakipungua sufuriani ndio inazidi kukolea, na sisi wallahi tulikuwa tunachemsha mara mbili eti tunajali!

Na hiyo ya watu wazima, kijana wangu anayesoma chuo alinipigia hesabu. Kemikali nyingi, wataalamu wakipanga kikomo chake kwenye maji, wanaanza na panya, wanatafuta kiwango kisichomdhuru, mara nyingi wanakigawa kwa 100 maana mtu si panya na watu hawafanani, halafu wanamfikiria mtu wa kilo 60 anayekunywa lita 2. Mtoto wa kilo 5 wanamhesabia robo tatu ya lita. Gawa mwenyewe kwa kilo, anakunywa zaidi ya mara nne yako. Na kikomo cha naitreti cha WHO, shirika la afya duniani, miligramu 50 kwa lita, walikiweka kwa kuangalia watoto wa chupa, si wazee wa barazani.

Mtoto ameamka alhamdulillah. Sasa tunanunua maji dukani, pesa ya pweza yote inaishia huko.

Kifungu cha 43 cha katiba, kile cha haki ya maji safi, unakijua kuliko mimi. Kile kisima kipya ulichotuahidi wakati wa kura tumeshakusamehe, mfereji pia. Naomba nambari tu mheshimiwa, nambari ya naitreti ya kisima chetu, iandike hata nyuma ya pakiti ya sigara uibandike mlango wa msikiti, tutaisoma.