Video za maandamano zipewe tarehe na mahali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo limenikaa rohoni muda mrefu, linawahusu nyie wa magazeti na hizi video tunazorushiana kwenye simu kila mahali watu wakiingia barabarani.

Juzi baba mdogo alirusha video kwenye grupu la ukoo, umati umejaa, moshi umetanda, mtu anapiga kelele, chini imeandikwa SASA HIVI. Binamu yangu alikuwa kazini mjini siku hiyo, roho ikanipaa, nikaifowadi magrupu matatu hata sijamaliza kuitazama. Baadaye nikaiangalia taratibu, naisimamisha naiendeleza, ndo nikaona watu wamevaa makoti mazito na mvuke unawatoka mdomoni, wakati nje kwetu jua linachoma, halafu basi lililopita nyuma limeandikwa kwa herufi nisizozijua. Haikuwa ya siku hiyo wala ya kwetu. Nikarudi kuomba radhi kwenye yale magrupu lakini ilishafika mbali, na shangazi yangu alikuwa ameshaacha kazi akakimbilia shule kuwachukua watoto. Ile hofu niliisambaza mimi.

Sasa mtu asinielewe vibaya akadhani nataka raia waache kurekodi, hapana kabisa. Mei 2020 kule Minneapolis, Marekani, taarifa ya kwanza ya polisi kuhusu George Floyd, mtu mweusi aliyekufa polisi akimkandamiza shingo kwa goti, ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya, basi, na ingeishia hapo kama binti wa miaka 17 asingesimama pale na simu yake mpaka mwisho. Dunia nzima iliandamana kwa sababu ya ile video. Sudan nayo, Juni 3, 2019 waandamanaji waliokuwa wamepiga kambi nje ya makao makuu ya jeshi Khartoum walishambuliwa, intaneti ikazimwa zaidi ya mwezi mzima, watu wa nje wakabaki kubadilisha picha za profaili kuwa za bluu, rangi aliyoipenda kijana mmoja aliyeuawa siku ile. Mtandao uliporudi Julai video zikaanza kumwagika, maana watu walizitunza kwenye simu zao muda wote huo. Fikiria ujasiri wa kutembea na simu yenye kitu kama hicho mfukoni.

Ila kinachoniuma ni kwamba vitu hivi vinafutika haraka mno, mitaani na mtandaoni vilevile. Hong Kong wakati wa maandamano ya mwaka 2019 kulikuwa na njia ya chini ya waenda kwa miguu pale Tai Po, kuta zake zilibandikwa vikaratasi vya rangi mpaka juu, watu wanasimama wanasoma ujumbe wa wasiowajua, yaani sehemu ambayo kila mtu hupita mbiombio ikawa mahali pa kuongea. Vilibanduliwa. Kairo, Misri, michoro ya mapinduzi kwenye kuta za mtaa wa Mohamed Mahmoud ilipakwa rangi juu yake mwaka 2012 isionekane, wasanii wakarudi wakachora tena. Khartoum michoro ya ile kambi ikafunikwa. Na mtandaoni, mwaka 2017 YouTube ilipoleta mashine za kuchuja video, zikafuta video nyingi mno za vita vya Syria, zingine ni ushahidi wa watu waliouawa, mashine inaona damu tu haijui kama hiyo ni damu ya nani.

Ndo hapa nawageukia nyie Mhariri. Kenya Juni 2024 vijana waliuchambua muswada wa fedha TikTok kwa lugha za nyumbani, wakajadiliana usiku kucha huko X, gazeti la asubuhi linatoka msomaji kashajua kila kitu, na mwaka uliofuata, Juni 25, stesheni zikaagizwa ziache kurusha maandamano laivu mpaka mahakama ikasimamisha lile agizo. Kwa spidi hamtaushinda mtandao, msijisumbue kukimbizana nao. Lakini mnao watu waliosomea kazi ya kupiga simu, kuuliza, kuthibitisha, na mnayo maktaba ya kutunza magazeti miaka na miaka. Mimi na simu yangu sina hayo.

Kwa hiyo naomba, kila mkichapa picha au kuweka video ya maandamano kwenye tovuti yenu, muandike tarehe, saa, mtaa gani, na kama hamjathibitisha semeni hamjathibitisha. Zile za zamani zinazozunguka kama mpya mzitaje siku hiyohiyo, msingoje wiki. Nyuso za waandamanaji mzifiche kama hawajawapa ruhusa, Hong Kong watu walivaa barakoa mpaka serikali ikazipiga marufuku Oktoba 2019, hawakuwa wanacheza, walijua kamera inaweza kumfikisha mtu jela. Na kopi halisi mziweke kwenu zisifutwe, pamoja na picha za kuta kabla hazijapakwa rangi.

Shangazi ananiuliza mpaka leo ile video ilikuwa ya wapi. Nimetafuta, sijapata, imeshakatwa mwanzo na mwisho na kila aliyeirusha ameandika mji wake.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.