Mboga zetu zinastahili mapishi bora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mapishi ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Soko la Mwanjelwa hujaa karoti, njegere, kabichi na maparachichi ya Rungwe, lakini katika nyumba nyingi mboga huchemshwa hadi zikapoteza rangi, kisha maji yaliyobeba vitamini C yakamwagwa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa, penye chakula tele, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi, ila mlo usio na mchanganyiko ni mojawapo.

Wenzetu wa Meksiko huponda parachichi lililoiva pamoja na kitunguu, pilipili, majani ya giligilani na ndimu. Jumapili iliyopita niliandaa hivyo, nikawapa watoto pamoja na viazi vya kuchemsha, na bakuli likarudi jikoni limekombwa kwa vidole. Wathai nao hutia mchaichai katika supu, ilhali sisi, tulio nao uani, tunaukumbuka wakati wa chai tu.

Ninaomba gazeti lako litenge safu ya mapishi kila wiki, yenye viungo vinavyopatikana katika masoko yetu na kwa bei ambayo mama wa kipato cha chini anaimudu.

Msomaji wako,
Mbeya