Barua ya gavana isisomwe peke yake

Mhariri,

Wanaosoma barua za magavana wa Marekani za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kati ya Kaskazini na Kusini, mara nyingi hushika jibu na kuacha swali. Beriah Magoffin wa Kentucky alikataa kutoa askari, lakini ukali wake hauna maana bila telegramu ya Aprili 1861 iliyodai sehemu ya Kentucky katika wanamgambo 75,000 wa Rais Lincoln wa Kaskazini, kwa miezi mitatu. Katika rekodi rasmi za vita, mawasiliano ya magavana na serikali ya Kaskazini yatafutwe katika mfululizo wa tatu wa vitabu vyake, na ya Kusini katika wa nne. Na mwandiko usikudanganye: nakala za daftari la ofisi ziliandikwa na makarani.

Msomaji, Morogoro