Shoga, tatizo la yai lako ni moto

Shoga angu Mwanaidi,

Asalaam aleikum bibie, habari za Dodoma na baridi lake? Huku Tanga wote wazima, mama anakusalimia sana, anauliza utaishi kwa chipsi mpaka lini. Voisi yako nimeisikiliza yote, ile ya yai kushika chini mpaka unalikwangua na kijiko, chini jeusi na juu ute bado unateleza, nimecheka weee alafu nikaona bora nikuandikie maana haya mambo kwa voisi utasahau na kesho utaniuliza tena.

Kwanza acha kuisingizia frampeni. Hapo ni moto, naapa hata bila kukuona. Kajiko kako hako kanakokaa juu ya mtungi wa kilo 6 moto wake unapiga katikati tu, kwaiyo pale kati kunawaka pembeni bado baridi, na we navyokujua ukichelewa kazini unafungulia mpaka mwisho. Sasa yai halitaki yote hayo. Ute unaanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu hivi, unashika vizuri kabisa kama kwenye 80, kiini nacho kinaanza kuwa kizito 65 kwenda 70, yaani hata maji yanayochemka yana moto kuliko linavyohitaji yai, alafu we unalimwaga kwenye mafuta yanayotoa moshi! Lazima chini liungue kabla joto halijapanda juu, na ukigeuza ndo kiini kinapasuka unaishia kula sijui nini ile, sio la kukaanga sio la kuvuruga.

Sasa sikiliza. Frampeni iwe kavu, isiwe na tone la maji, iweke kwenye moto mdogo ipate moto yenyewe kwanza, ndo utie mafuta kiasi cha kufunika chini, usiogope mafuta, yai lililonyimwa mafuta ndo linaloshika. Kama moto wa mtungi haushuki vizuri basi iinue frampeni juu kidogo au uwe unaisogezasogeza, usiiache imekaa palepale. Wakati huo yai umeshalipasulia kwenye kikombe. Usipasulie juu ya frampeni moja kwa moja, ukikutana na viza ndo umeharibu na mafuta, na uligonge mezani palipo bapa sio kwenye ukingo wa kikombe, ukingo unasukuma maganda yanaingia ndani. Kujua mafuta yako tayari chovya ncha ya kijiko kwenye ute udondoshee kidogo tu, ukigeuka mweupe taratibu na vipovu vidogo vidogo miminia yai, ukiruka na kuwa kahawia hapo hapo epua, subiri, usibishane nayo.

Ukishamimina mkono mfukoni. Usilichokonoe! Mwanzo litashika, ni kawaida, ute ukishaganda chini linaachia lenyewe, we ndo unalikwangua kabla halijaachia alafu unasema frampeni mbovu. Sasa juu kuna njia mbili. Ya kwanza unadondosha maji kijiko kimoja cha chai pembeni, mbali na yai, unafunika haraka, ule mvuke ndo unapika ute wa juu na kiini kinapata utando mweupe mwembamba, dakika mbili tatu chungulia. Funika upesi kweli maana maji na mafuta ya moto hayapatani yatakurukia mkononi. Kama huna mfuniko sahani ya bati inatosha. Ya pili ndo naipenda mie, unainamisha frampeni kidogo mafuta yanakusanyika upande mmoja, unayachota na kijiko unamwagia juu ya ute, kiini unakikwepa, ute unatoa povu unageuka mweupe palepale na kingo zinakuwa kahawia zinakatika krakra. Wengine wanapenda liwe jeupe laini bila kingo za kuungua, mie naona hilo chakula cha wagonjwa, ila mdomo wako.

Chumvi mwishoni, na pilipili manga. Ukitaka kiini kibaki kinamwagika epua ute ukishashika wote, usisubiri hapo hapo jikoni maana frampeni bado ina moto inaendelea kupika, litoe weka kwenye sahani. Ila dada yako na mimba yake hiyo usimpe kiini kibichi, mpikie likauke kabisa, mayai mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya salmonella na mjamzito na watoto wadogo inawapiga vibaya.

Halafu mayai yenyewe unanunua wapi? Maana ukisema ute unatawanyika frampeni nzima kama uji, hilo ni yai la zamani. Bichi lililotagwa juzijuzi ute wake unasimama, umekumbatia kiini, likikaa unalegea unakuwa majimaji. Yale yanayokaa nje ya duka trei juu ya trei jua linayapiga yaache, nunua machache dukani kwa mtu anayeuza sana. Kupima ni maji tu kwenye bakuli, likizama likalala chini ni jipya, likisimama wima lina siku zake ila chemsha ule, likielea tupa bibie. Ganda lina vitundu vidogo hatuvioni, unyevu unatoka hewa inaingia, ndo mana linakuwa jepesi. Na usiyaoshe kabla ya kuyaweka, yana utando nje unaoyakinga, osha wakati wa kupika. Mambo ya kienyeji na kisasa usijipasue kichwa, rangi ya kiini inatokana na kuku kala nini, anayekula majani na mahindi ya njano kiini kinakolea, bei ndo inauma tu.

Mafuta ya alizeti huko kwenu ndo yanakotoka, yanafaa sana. Ila nakutumia na chupa ya mafuta ya nazi, mama kayapika mwenyewe, yai lake utanambia harufu yake. Nimeyatia kwenye chupa ya mdomo mpana makusudi, maana mafuta ya nazi yakifika nyuzi 24 kushuka chini yanaganda, huku kwetu kwenye joto hatulioni sana hilo ila Dodoma asubuhi utayakuta meupe magumu, usije ukapiga simu kwamba yameharibika, chota na kijiko hivyohivyo yatayeyuka kwenye frampeni.

Ukilila lile na mkate na kachumbari ya pilipili, au ukipata mbaazi za nazi libwage juu yake, mie Ngamiani asubuhi nachukua mbaazi kwa yule mama wa kona narudi kukaanga yai nyumbani, mandazi mawili na chai ya rangi, mpaka saa saba sitaki kitu.

Mzigo nampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, nitakutumia namba yake, uwe stendi mapema wasikuzungushe. Na lile hotpoti la mama ulilondoka nalo uje nalo Idd, kashaanza kuliulizia.

Wako,
Zuhura